Nilimkana Shemeji Yangu kwa Tenda ya Madawati

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usije ukanionea huruma, ukamlaumu mwingine.

Mimi ni seremala, nina karakana hapa Malindi. Mwaka ule wa themanini na nne, wa njaa na unga wa manjano, ofisi moja ya serikali ilitangaza tenda ya madawati ya shule. Kila mwombaji alitakiwa atie sahihi tamko: hajawahi kufungwa, kodi amelipa, na hana jamaa anayefanya kazi katika ofisi ile.

Jamaa nilikuwa naye. Hamadi, mume wa dada yangu Zuhura, alikuwa karani pale pale, na mmoja wa wafunguaji bahasha za tenda.

Alinijia mwenyewe karakanani. "Kaka, andika kweli," akaniambia. "Ukinitaja, siku ya kufungua mimi nitatoka nje, basi. Tenda hunyimwi kwa ajili yangu."

"Inshallah," nikamjibu.

Sikumwamini. Niliogopa jina lake litaniharibia. Nikaandika sina jamaa, nikatia sahihi.

Siku ya kufungua, tamko langu lilisomwa mbele ya wenzake. Hamadi angesema neno moja tu ningeumbuka. Hakulisema. Alinisitiri kwa sababu mimi ni kaka wa mkewe.

Tenda nikaipata. Madawati sijayafikisha nusu, seremala mwenzangu mmoja aliyeikosa akapeleka habari kuwa Hamadi ni shemeji yangu. Tukaitwa mimi na Hamadi kwa mkubwa wa ofisi.

Kabla ya kwenda, Zuhura alinijia analia. "Kaka, sema tu kuwa mume wangu alikwambia umtaje. Sikuombi zaidi."

Nikamwahidi.

Mkubwa akaniuliza, "Ni huyu aliyekufundisha ufiche?"

Hamadi alinitazama. Mimi nikatazama sakafu. Nilifikiri nikinyamaza labda wataniachia kazi. Wakachukua kimya changu kuwa ndiyo.

Hamadi akafukuzwa. Tenda nayo ikafutwa. Tulipotoka nje sikuona hasira usoni mwake. "Haya, kaka," akasema, akashika njia yake.

Yeye na Zuhura walihamia kijijini Junju kwa wazazi wake, wakalima mihogo. Niliwafuata mara moja kuomba radhi. Hamadi alinipa kiti na maji. Zuhura alitoka, akasema, "Shikamoo," kama anavyomwamkia mzee asiyemjua, akaingia ndani. Nikangoja mpaka jua likageuka. Hakutoka tena.

Watu hudhani nalia. Silii. Napiga randa, nakula, nalala. Sisikii kitu moyoni.

Wewe unayeomba tenda leo, ukiulizwa kama una jamaa, mtaje. Ukiikosa hiyo utapata nyingine. Na ukishakosea, usimwache mwenzio abebe.

Mwaka jana mama yetu alifariki. Zuhura alikuja, akakaa ndani na wanawake, mimi niko barazani napokea mikono ya watu. Ukuta mmoja tu ulitutenga. Baada ya maziko nikauliza dada yangu yuko wapi, nikaambiwa amekwisha ondoka.