Chai ya Mzee Shirima

Siku yangu ya kwanza kazini nilikemewa kwa kuwa na adabu mno. Ilikuwa zahanati ya mtu binafsi, karibu na Mnazi Mmoja, kati ya zile zilizofunguliwa serikali ilipotoa ruksa ya tiba binafsi. Mimi nilikuwa mtaalamu wa mazoezi tiba, kazi ya kulainisha viungo vilivyokakamaa.

Mgonjwa wangu wa kwanza, Mzee Shirima, aliuza vitenge kwa jumla Kariakoo. Enzi za uhaba alizunguka mjini kwa miguu kusaka bidhaa. Biashara ilipofunguliwa, mzigo ukamfuata mlangoni, naye akakaa. Chai aliletewa, hata maji ya kunawa. Wanawe waliona aibu baba yao anyanyuke, mpaka magoti yakagoma.

"Shikamoo, mzee." Nikamsogezea kiti, nikamshika mkono aketi.

"Marahaba, mwanangu."

Mganga Mfawidhi, mkuu wetu, mama mkali kweli, akaniita pembeni. "Rehema, ulisomea kusogeza viti? Kiti ndicho kilichomleta hapa. Kitoe!"

Nikakitoa. Nikampima kwa goniometa, rula yenye bawaba inayoonyesha goti linakunjika kiasi gani. Lilikunjika nusu tu. Nikamuuliza anataka nini hasa.

Machozi yakamlengalenga. "Krismasi nipande mlima mwenyewe hadi kihambani, shamba letu la ukoo lenye migomba, nifike kaburini kwa mama. Mwaka jana walinibeba mgongoni. Mbele ya wakwe!"

Dozi yake ilikuwa kusimama na kukaa mara kumi bila kushika kitu, asubuhi na jioni, kisha kutembea kutoka dukani hadi Mnazi Mmoja na kurudi. Baada ya wiki mbili nikamfuata dukani. Mwanawe mkubwa akanivaa: "Dada, unamtesa mzee! Watu watasema tumemtelekeza."

Niliogopa, nakiri. Hata hivyo nilimwomba mzee aifuate chai yake mwenyewe. Akaenda polepole, nusu ikamwagika njiani. Iliyobaki aliinywa akicheka.

Januari aliingia zahanati na mkungu wa ndizi begani. "Nimepanda," alisema. "Nimepiga magoti kwa mama, nikainuka mwenyewe." Nililia mbele ya wagonjwa, na Mganga Mfawidhi akajifanya hakuniona.

Nilifanya kazi hiyo chini ya wafawidhi wanne hadi nikastaafu. Sasa magoti yanayolia ni yangu. Jana mkwe wangu alikuja mbio na kikombe: "Mama, kaa tu, nakuletea." Ana heshima, nami nampenda sana. Nikamwambia akirudishe jikoni, nikainuka kukifuata.