Kioo cha Kaunta

Mpaka leo nikikumbuka, damu hunichemka. Mama aliuza katika duka la vifaa vya ujenzi pale Busia, upande wa Kenya, tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Kila asubuhi alitoka kwetu Sikuda, akavuka mpaka, akafungua duka kabla bosi hajafika. Siku moja akamwekea mteja kufuli juu ya kaunta, kufuli moja tu, taratibu, na kioo kikapasuka toka upande huu mpaka ule. Bosi akamfukuza papo hapo. Kwake sheria ni moja: aliyegusa mwisho ndiye aliyevunja. Na maneno yakaenea sokoni kwamba mama ana mikono mizito, asiajiriwe tena na mtu.

Ati mikono mizito! Na mimi chuoni kazi yangu ndiyo hiyo, kuchunguza jinsi kioo kinavyovunjika. Naunda kipande cha kioo ndani ya kompyuta, chembe kwa chembe, nakibana nakiachia, nakibana nakiachia, kwa nguvu ileile, siongezi hata kidogo. Kila nikikiachia, kuna chembe chache zimesogea na hazirudi mahali pake. Kwa nje kizima. Halafu unakuja mbano wa kawaida kabisa, kama wa jana, na kioo kimekwisha. Huo wa mwisho hauna kosa kubwa kuliko mibano yote iliyoutangulia.

Nikabeba laptopu, nikamwambia mama twende. Hakutaka. Alisema maskini hashindi kesi ndani ya duka la mtu. Nikamjibu mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni, nikamvuta mkono. Tulikuta kaunta imetiwa kioo kipya na nyuma yake amesimama msichana mgeni. Nikamwonyesha bosi kila kitu. Sitamnyima sifa: alitazama mpaka mwisho, akauliza maswali ya maana, akaelewa. Nikaanza kufurahi, mjinga mimi.

Akamgeukia mama.

"Haba na haba hujaza kibaba, mama. Sasa miaka yote hiyo, nani alikuwa anaweka vitu hapa juu kila siku?"

Yaani kazi yangu mwenyewe, niliyoisomea kwa jasho la mama huyuhuyu, ndiyo ikamtia hatiani! Na bosi, kuonyesha kwamba yamekwisha, akakipiga kioo kwa kiganja, pete na yote, vile anavyokipiga kila anapokataa bei ya mteja. Hapo nikafoka. Nikamuuliza na kiganja chake je, nacho tukihesabu? Akasema kioo ni chake, atakipiga apendavyo.

Mama alimwinamia yule msichana, akamwambia kwa upole, bosi akisikia:

"Mwanangu, akikipiga, wewe toa mikono. Kisije kikapasuka umekigusa."

Msichana akaiondoa mikono yake juu ya kaunta, akaifumbata kifuani.