Kiu ya Babu

Mume wangu aliacha gongo siku ya Jumapili, bila kumshauri mtu. Alitoka kanisani, akavuta chupa yake uvunguni, akaimwaga chooni, kisha akaniambia nimchemshie chai. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba mjini Shinyanga, na tulikaa Samuye, kwa mama yake. Nilikuwa nikimwomba aache tangu mtoto wetu wa kwanza hajaota meno. Chai ile niliitia sukari yote iliyobaki ndani, na miaka ile sukari ilikuwa ya kupangia foleni.

Kesho yake mikono ilimtetemeka hadi kikombe kikamgonga meno. Alitoka jasho huku amekaa kivulini. Siku iliyofuata alianza kufukuza siafu ambao mimi sikuwaona. Alipowamaliza, akageukia kona ya nyumba, akasema, "Shikamoo babu." Babu yake alikuwa amezikwa kabla mimi sijaolewa.

Kwa mama mkwe, kutetemeka hakukuwa neno. Kumwona babu ndiko kulikuwa na maana. Akamwita mfumu, mpiga ramli wetu, naye akapasua kuku, akamtazama ndani, akasema babu ana kiu. Anataka pombe ya mtama, na mjukuu mwenyewe ndiye ampe: apige funda, aipulize chini kwa mdomo wake huku akimtaja.

"Mama," nikasema, "huyu ameacha pombe."

"Hii si yake," akanijibu. "Ni ya babu."

Mume wangu akapiga funda. Mimi nilikuwa nalitazama koo lake, na babu hakupata kitu. Haukupita muda, mikono ikatulia, siafu wakaenda zao, mgonjwa akaomba ugali. Vigelegele vikapigwa. Mfumu akaondoka na kuku wa pili, mzima.

Tangu hapo marehemu akawa anapata kiu asubuhi, mchana na jioni. Nilikasirika, nisiseme uongo. Lakini niliogopa pia, maana kila nilipoficha kibuyu cha pombe, mtetemo ulirudi na yule mtu wa kwenye kona akarudi nao. Nilitaka mume aliye hai na asiyelewa. Nikaona kama naambiwa nichague kimoja.

Pombe ilipokwisha alianguka mlangoni, akajinyonganyonga kama mwenye kifafa. Safari hii sikumwuliza mama mkwe. Nilisimamisha lori la pamba, tukamlaza juu ya magunia hadi hospitali ya mjini.

Daktari alimchoma sindano, akamtundikia dripu, ndipo akanieleza. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla hugoma, na mgomo huo huweza kuua. Siku za mwanzo ndizo mbaya. Zikipita salama, mtetemo hupungua, ila usingizi na hasira huchelewa kutengemaa. Akionja tena, mtaanza upya, na huenda ikawa mbaya zaidi. Nikamweleza habari za babu. Hakucheka.

"Huyo babu ndiye wa kumwogopa," akasema.

Tuliporudi nyumbani, mama mkwe alikuwa amepika pombe mpya. Alimkalisha mwanawe kwenye kigoda, akamkabidhi kibuyu mbele ya jamaa wote. Nilisimama karibu, tayari kukipiga teke, liwalo na liwe. Mume wangu alikinusa. Nikaanza kusali.

"Mama," akasema, "babu nimeonana naye hospitalini."

"Amesemaje?"

"Ameacha pombe."

Mama mkwe hakuwa na pa kupenya, kwani ni yeye aliyetuapia kwamba mwanawe anamwona babu kweli. Alimtazama usoni, akamtazama mikono, ambayo bado ilikuwa inatetemeka kidogo. Kisha akakichukua kile kibuyu, akakimwaga nje ya ua, akarudi akapiga magoti mbele ya kigoda.

"Mwambie asirudie tena," akasema, akamshika mwanawe mikono, machozi yakimtoka. "Mwambie nimebaki naye peke yake."