Binti Yangu Ananisikia Kwenye Katuni, Baba Yake Anataka Ninyamaze

Admin, assalamu alaykum. Jina langu libaki kwako, na la mtoto nimelibadilisha. Nina miaka thelathini na moja, niko Garissa, nimeachika miaka minne sasa. Asubuhi nauza maziwa ya ngamia sokoni, alasiri naingiza sauti kwenye filamu. Nimechoka, ndugu zangu. Kazi naiweza, ni moyo umechoka.

Niliolewa Elwak. Tulipoachana, mume wangu alibaki na binti yetu, nitamwita Hodan. Alikuwa na miaka mitano. Nikaambiwa ni kwa muda tu, nikipata pa kukaa nitaletewa. Nikarudi Garissa kwa mama yangu, nikapata pa kukaa, mtoto sikuletewa. Nikipiga simu, amelala. Nikipiga tena, yuko duksi anasoma Kurani. Mwisho nambari yangu ikafungiwa. Mara mbili baba yake aliahidi kumleta. Ile ya Idd nilimshonesha gauni, nikasimama stendi tangu adhuhuri hadi alasiri. Basi likaja, watu wakashuka wote. Kondakta akaniuliza, "Mama, unangoja mzigo?" Nikasema ndiyo, ila naona haukuja.

Kazi ya filamu niliipata kwa jirani mwenye studio ndogo. Anachukua filamu za nje, sisi tunazitia Kisomali, watu wanawekewa kwenye memori kadi. Studio yenyewe ni chumba kimoja, magodoro yameegemezwa ukutani, na feni inazimwa ili isisikike. Joto la Garissa mnalijua. Mwaka huu akaleta katuni ndefu ya mambo ya anga za juu, imetolewa kwenye gemu ambayo vijana huicheza vibandani. Mimi nikapewa rubani, mwanamke ambaye chombo chake kimeharibika kwenye sayari ya mbali, na kila siku anamtumia binti yake ujumbe bila kujua kama unafika. Kwenye gemu rubani huyo hasemi, anapiga risasi tu. Kwenye filamu wakampa mtoto. Vijana walilalamika kwamba gemu yao imeharibiwa. Mimi nililia mbele ya maikrofoni.

Kuna mahali rubani anasogeza midomo lakini sauti haitoki, mitambo imekufa. Mwenye studio akaniambia, "Abaayo, dada yangu, hapo sema chochote, watu wasidhani filamu imekatika." Nikasema yale niliyokuwa nikimwambia Hodan nikimsuka: "Tulia, hooyo. Usisogeze kichwa, umebaki mmoja tu." Kwetu hooyo ni mama, na mama naye humwita mtoto wake hivyo hivyo kwa mapenzi. Sikuwa nimepanga. Yalitoka yenyewe.

Memori kadi zikafika Elwak. Siku moja wifi yangu, dada wa huyo bwana, ambaye tangu niachike hajanitumia hata salamu, akanitumia ujumbe wa sauti.

"Abaayo, nisamehe. Mtoto alikuwa anatazama katuni na wenzake. Walipofika pale akasimama, akasema huyu ni mama yangu. Sisi tulimwambia ulienda Ulaya ukamsahau. Sasa kila akitoka duksi anachukua simu yangu, anarudisha pale pale."

Kisha akaniwekea sauti ya mtoto. Filamu inacheza, mimi naongea, na katikati ya maneno yangu kuna sauti ndogo inanijibu: "Hooyo, sisogezi. Niko Elwak. Nywele siku hizi nasukwa na shangazi."

Siku hiyo maziwa yaliharibika kwenye madumu. Sikutoka nyumbani.

Wiki iliyopita baba yake akanipigia mwenyewe, baada ya miaka miwili. Hakunisalimia.

"Sauti yako iko kila duka la simu," akasema. "Wanaume wananiambia kwenye soko la ngamia, tumemsikia mama Hodan akilia. Nijifiche wapi mimi?"

"Ni katuni," nikamwambia. "Ni filamu ya watoto."

Hapo akapoa. "Acha hiyo kazi. Mwambie huyo mtu aondoe sauti yako, atafute mwingine. Ukifanya hivyo, shule zikifungwa nitamleta Hodan mwenyewe. Akae kwako likizo yote."

"Umeniahidi mara ngapi?"

"Safari hii naapa. Wallahi."

Mama yangu anasema nikubali. "Mtu ameapa kwa Mungu, wewe unataka nini tena?" Mwenye studio anasema zilizotoka zimetoka, hawezi kuzirudisha, lakini sehemu ya pili tunaanza Jumatatu, na nisipokuja atachukua mwanamke mwingine. Naye wifi yangu ameniambia kwa siri kwamba kaka yake tayari amemfutia filamu kwenye simu, na kwamba pale nyumbani hakuna aliyetaja safari ya Garissa. Hodan anamsumbua shangazi yake kila siku akiuliza sehemu ya pili inatoka lini.

Najua wengi mtaniambia niende kwa kadhi. Nimeliwaza sana. Kaka zangu hawataki kusikia, wanasema nitagombanisha koo mbili zinazochunga pamoja, na peke yangu sina nguvu hiyo kwa sasa.

Nikinyamaza halafu asimlete, mtoto ataamini kweli nilimsahau. Nikiendelea kuongea, pengine nimeifunga mwenyewe njia ya kumwona. Nimeswali istikhara nikiomba Mungu anionyeshe la heri, na bado kila nikiamka nawaza tofauti na jana. Jumatatu iko karibu. Mlio wazazi, na hasa nyinyi mliolelewa mbali na mama zenu, semeni nami bila kunionea haya: mngetaka mama yenu awe amechagua lipi?