Baiskeli Iliyouzwa Pamoja na Masufuria

Baiskeli ya bei rahisi inatosha kwa safari za kila siku. Nasema hivyo bila kusita, mimi ambaye husita hata kuchagua upande wa kulalia. Yangu nimeiendesha kiangazi kizima kati ya Ihumwa na Zuzu, na kilichokaribia kuniharibia kazi hakikuwa baiskeli.

Niliinunua Dodoma, katika duka lililo karibu na stesheni, ambako ilining'inia darini kati ya masufuria na taa za mafuta. Wenye uwezo waliagiza za kwao Ulaya. Yangu ilikuja katika shehena moja na majembe, ina breki ya mbele tu, na tandiko lake gumu kama kigoda. Hakuna aliyenifundisha kuiendesha wala kuifungua. Kusoma nilijifunza kwa kukodolea macho maandishi ya kwenye magunia na makopo. Baiskeli nayo niliikodolea macho vivyo hivyo mpaka nikaielewa.

Karani wa boma alikubali kunijaribu mwezi mmoja. Siku ambazo gari la moshi halipiti, nipeleke barua kwenye kambi za mafundi wa reli, leo Ihumwa, kesho Zuzu, na nirudi na majibu kabla ya kengele ya saa kumi. Nikichelewa mara tatu, barua zingerudi kwa tarishi wa zamani aliyezipeleka kwa miguu, na mimi ningerudi kubeba mataruma ya reli begani. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote.

Tarishi yule hakunichukia, ila hakuniacha nipite kimya.

"Mwanangu, hiyo baiskeli ya masufuria itaiva lini?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Miguu yangu haina mnyororo wa kukatika, unajua?"

Maneno yale yaliniingia. Kila asubuhi nilihesabu spoki mara mbili, halafu mara ya tatu kwa kuwa sikuiamini ile ya pili. Mnyororo niliupaka mafuta ya kondoo, tena kwa ukarimu. Kwetu kila kinachotakiwa kudumu hupakwa mafuta ya kondoo: ngozi za kulalia, mikanda, hata visigino vilivyopasuka. Sikuona kwa nini chuma kiwe tofauti. Mnyororo ulipoanza kuruka meno, niliongeza mafuta. Uliporuka zaidi, niliongeza zaidi. Wiki ya pili nilichelewa mara moja, na wiki ya tatu mara nyingine. Nikawa nawaambia watu, karani akiwemo, kwamba baiskeli za dukani hazifai. Nilisema kwa sauti kubwa, na leo naona aibu.

Wiki ya mwisho, nikitoka Zuzu na majibu mkobani, mnyororo ulichomoka ukakwama. Kando ya njia palikuwa na nyumba ya tembe, na nje yake mama mmoja alikuwa akilainisha ngozi ya mbuzi.

"Mbukwa," alinisalimu. Niliitikia huku machozi yakinilenga. Alikuja, akaugusa mnyororo kwa kidole, kikatoka na tope jeusi zito kama ugali mbichi. Akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Nani kakipaka kitu hiki mafuta namna hii? Kinaolewa?"

"Ni mimi, mama. Nakitunza."

"Unakitunza, halafu unakiburuta vumbini! Angalia. Ngozi naipaka mafuta ndani ya nyumba, na kabla ya kuitoa nje naifuta mpaka kiganja kibaki kikavu. Nikiitoa inang'aa hivi, vumbi lote la Ugogo linahamia kwangu."

Nimekulia katika vumbi hilo. Nimeona ngozi zikifutwa tangu sijaota meno. Lakini baiskeli ilikuwa kitu kigeni, nami nilidhani kitu kigeni kinahitaji kuzidishiwa kila kitu.

Alileta majivu na kitambaa kikuukuu. Niliukwamua mnyororo nikawa nauvuta taratibu, yeye akafuta, pingili moja baada ya nyingine. Chini ya tope lile mnyororo ulikuwa mzima kabisa. Niliurudisha kwenye meno yake, nikapanda, na haukuruka hata mara moja mpaka Dodoma.

Kengele ya saa kumi ilikuwa imelia zamani. Karani alikuwa akifunga dawati lake, na tarishi amesimama mlangoni.

"Mara ya tatu," karani alisema. "Baiskeli tena?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwake. Nilipaswa kuitikia tu. Nami si mtu wa kukiri kosa kirahisi. Kosa langu dogo hunichoma kuliko kubwa la mwenzangu.

"Hapana, bwana. Ni mimi. Niliipaka mafuta mengi mno, yakakamata vumbi. Baiskeli haina kosa."

Nikamwonyesha vidole vyangu vyeusi. Tarishi ndiye aliyeanza kucheka.

"Afadhali kosa liwe lako," karani alisema. "Wewe naweza kukugombeza. Baiskeli nitaigombeza vipi?"

"Mwongeze wiki moja, bwana," tarishi alisema. "Na mimi magoti yangu yapumzike."

Karani akafungua tena dawati, akanipa barua za Ihumwa.

Asubuhi niliufuta mnyororo mpaka kiganja kikabaki kikavu. Spoki nilizihesabu mara moja. Nilifika Ihumwa mafundi wakiwa bado wanakunywa uji.