Mke wa Boke na Usingizi Wake

Kijiji kizima cha Kewanja kilijua kwamba mke wa Boke analala. Alilala akipepeta ulezi, alilala msibani, na siku moja alilala na tonge mkononi, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wegesa mwenyewe alicheka nao. Angefanya nini? Moyoni alikuwa anaungua kwa aibu.

Boke, mwanamke mjane asiye na mtoto wa kiume, alimwoa kwa desturi ya Kikurya: alitoa ng'ombe ili Wegesa aizalie nyumba yake mrithi. Mrithi akapatikana, Mniko, na sasa ameshaacha ziwa. Boke alikuwa amepata alichotaka, na mama mtu akageuka mdomo wa kulishwa bure.

Wegesa ndiye aliyeomba kwenda zahanati. Boke akamsindikiza, majirani wamwone.

"Huu si uvivu, mama," nesi Stefania alimwambia Boke. "Akapimwe hospitali ya wilaya. Kwa sasa asikeshe. Apumzike kidogo mchana, asishibe kupita kiasi, pombe asiguse. Na hivi vidonge vya mafua anavyomeza kila akipiga chafya aviache, vinamlaza hata mzima."

"Nimesikia, mwanangu," alisema Boke. Na kweli alisikia. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kusikiliza vile.

Wegesa alirudi nyumbani mwepesi kama aliyetuliwa mzigo wa kuni. Si uvivu! Lakini badala ya kumpeleka hospitali, Boke aliita wazee: mke wangu mvivu, hawezi kulea, arudi kwao na mtoto abaki. Nesi alikuwa ameenda likizo kwao Bukoba. Basi Wegesa angewaeleza wazee mwenyewe, kwa mdomo wake, na Mniko angebaki wake.

Ila wazee hawasikilizi shauri koo likiwa kavu, na pombe hupikwa na mke wa nyumba. Wegesa akapika pombe ya kesi yake mwenyewe. Alikesha, Boke akimtikisa bega kila aliposinzia. Asubuhi moshi ukampigisha chafya, na Boke akamnyooshea vidonge.

"Nesi alikataza, mama."

"Utawapigia wazee chafya kwenye pombe?"

Akameza. Ukaja ugali wa kushibisha wanaume wawili, kisha kata ya pombe, aonje kama imeiva. Wegesa alielewa kila kitu, na alimchukia Boke kwa mara ya kwanza. Lakini aliyekutolea ng'ombe humkatalii mbele ya wageni.

Boke alitangulia kusema. Alisema taratibu, akazunguka, akarudia, na jua likapanda. Wegesa alijifinya paja mpaka likachubuka. Maneno ya nesi aliyashika kichwani moja moja, na moja moja yakamtoka.

"Haya binti, jitetee," alisema mzee Nchagwa.

Kidevu kilikuwa kifuani, mate yanamtiririka. Wazee hata hawakukasirika. Walicheka.

"Ameshajibu," alisema Nchagwa, akanyoosha kata aongezewe.

Wegesa alipozinduka, uani palikuwa pamefagiliwa. Nguo zake zilikuwa zimefungwa kwenye khanga, karibu na miguu yake. Boke alikuwa anasuuza mitungi.

"Mniko yuko wapi?"

"Nimempeleka kwa dada yangu," alisema Boke bila kugeuka. "Alikuja kukuaga. Alikuita sana, hukuamka."