Bangili ya Dada Iliyogoma Kutoka

Mimi nimezaliwa Mpwapwa, Wajerumani wakiwa wameshajenga boma lao, na nimekulia kwenye nyumba yenye vumbi jeupe. Si vumbi la njiani, hapana, ni vumbi la pembe za ndovu. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa fundi wa bangili, na akikata pembe ule unga wake unatua kwenye nywele zetu, kwenye uji, hadi kwenye mbuzi. Nikipita sokoni watu wananijua: huyu wa kwa fundi.

Ufundi wenyewe aliupata kwa Mmanyema mmoja aliyekuja na msafara kutoka magharibi, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, bega limeota sugu kwa kubeba pembe. Mguu ulimvimba hapa kwetu, wenzake wakamwacha, bibi yangu akamlisha mpaka akapona. Yule bwana akawa anasimulia kwamba kwao wanachonga pembe tangu babu wa babu zao: vijiko, baragumu za wakubwa, na visanamu vidogo kama kidole gumba, mtu anavificha ndani kama siri. Mjomba akajifunza vyote. Lakini sisi Wagogo tulitaka nini? Bangili! Basi akachonga bangili.

Kuchonga kwake kulikuwa kwa taratibu mpaka unasinzia. Msumeno unamwagiwa maji kidogo kidogo, maana pembe ikipata moto inapasuka. Halafu anasugua kwa majani ya msasa, halafu mafuta ya kondoo, mpaka inang'aa kama jicho la ndama. Na alikuwa na ubishi wake mmoja. Ukisema "pembe" anakukata kauli: "Pembe ni ya ng'ombe. Hili ni jino. Tembo ana pembe wapi?"

Hilo neno ndilo lililoniponza.

Dada yangu mkubwa alikuwa anaolewa. Mjomba akamchongea bangili moja, nzito, nzuri hiyo! Kipande alipewa na mtemi wetu. Zamani tembo akifia kwenye nchi ya mtemi, jino lililolalia ardhi ni la mtemi, la juu la mwindaji. Alipokuja Mjerumani naye akataka fungu lake, na ukikutwa na jino bila cheti cha boma unachapwa kiboko. Kwa hiyo kilikuwa kipande cha mwisho, hakuna kingine. Na dada alishawaambia wakweze kwamba atakuja na bangili ya mjomba wake.

Asubuhi, siku moja kabla wakwe hawajaja, nikaijaribu. Kujaribu tu, jamani! Mkono ukapita, nikaisukuma, ikapita kiwiko, ikakaa hapa juu kwenye nyama. Nami nilikuwa mnene, nimeshiba maziwa. Nikavuta. Haitoki.

Sasa sikilizeni akili ya mtoto. Meno yangu ya utotoni ndiyo kwanza yalikuwa yanang'oka, nayo hulegea yenyewe, si ndiyo? Na mjomba alisema hili ni jino. Nikajiambia, litalegea tu. Nikaingia zizini kwa ndama, nikakaa nalitikisa kwa kidole kama unavyotikisa jino bovu. Mpaka jua la utosini mkono umevimba kama boga.

Mama akanikuta. "We mtoto, unafanya nini humu?"

"Nangoja ling'oke, mama."

Kelele alizopiga! Wakaja wote. Samli, maji baridi, kuninyanyua mkono juu, wapi. Dada akakaa chini palepale kwenye samadi, analia: "Kesho nitavaa nini? Nimvae huyu?"

Mjomba akanishika mkono, akaona vidole vimeanza kuwa baridi. "Leteni msumeno," akasema.

"Kaka, utamkata mtoto!" mama akasema.

"Nakata jino. Mtoto mwenyewe akitikisika, nitakata na yeye."

Akapenyeza ukanda wa ngozi kati ya bangili na nyama yangu, dada mwenyewe akawa anamwaga maji, huku kamasi zinamtoka. Mjomba alikata upande mmoja, halafu upande wa pili, maana jino halikunjuki. Sikupumua. Ikaanguka vipande viwili, nami nikalia kwa kuona uso wa dada, si kwa maumivu.

Mjomba akachukua keke, akatoboa vitundu kwenye ncha zote, akaviunganisha kwa masango, ile waya nyekundu ya shaba iliyobaki enzi za misafara. Akamvisha dada mkononi, akafunga.

Kesho yake wakwe hao, wanasalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, mbukwenyi, wameingia. Mama mkwe akaushika mkono wa dada, akaugeuza. "Mwanangu, hii imevunjika?"

Dada akainama. Mimi nikaropoka: "Ilinikwama, bibi! Nilidhani italegea kama jino!"

Mama mkwe akanitazama, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Akakunja shuka lake, kumbe naye ana bangili juu ya kiwiko, imezama kwenye nyama. "Hii nilivishwa kabla sijaota maziwa," akasema. "Haijatoka mpaka leo. Kuoga nayo, kulala nayo, joto likija inanitafuna. Na hii yenu inafunguka?" Akamgeukia mjomba. "Fundi, nipasulie na mimi."

Basi dada akaondoka kwa vigelegele, amenyoosha ule mkono kila mtu auone. Na mwezi haukuisha, wanawake wamejaa uani kwetu na bangili nzima nzima, wanataka zipasuliwe na kutiwa masango. Mjomba anakata huku ananung'unika:

"Mimi nimefundishwa kuchonga. Nyie mmenifanya mpasua kuni."